Kurasa Sita za Salamu

Kila asubuhi nafanya mambo manne kwa mpangilio uleule. Nafungua dirisha la upande wa maegesho, nafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kitambaa cha miwani, naweka kikombe cha chai juu ya gazeti lililokunjwa ili kisiache duara mezani, kisha nafungua orodha ya waliojiandikisha kwa ajili ya kongamano. Jumatano ile orodha ilisema tisa. Jumanne ilisema tisa. Wiki nzima iliyotangulia, tisa. Ukumbi tuliokodi una viti mia tatu.

Ndiyo kwanza nimenyanyua kikombe simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, na si kawaida yake kupiga saa hizo, kwa sababu ndipo anapopokea zamu.

"Mwanangu, uko ofisini?"

"Niko, mama. Kuna nini? Mko wazima?"

"Sisi wazima. Hebu niambie, hao watu wenu wa kongamano, wao ni wazima?"

Mama mdogo ni mkunga. Amefanya kazi kwenye kituo kimoja kidogo cha afya kwa miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tano, mama yangu alipofariki. Mwezi uliopita chama ninachofanyia kazi kilimwandikia barua kumwalika awasilishe mada kwenye kongamano la mwaka la wakunga. Mtu fulani alikuwa amesikia habari za karatasi zake za rangi tatu. Huzitundika kichwani mwa kila kitanda, ili wanaopokezana zamu wasimsahau mama anayehitaji kuangaliwa kwa karibu. Hakuna aliyemfundisha. Alizikata mwenyewe kutoka kwenye majalada ya zamani. Barua ilimtaka ajiandikishe na kutuma mada yake kupitia tovuti ya kongamano kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Katika miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kuombwa aseme neno mbele ya watu. Barua hiyo aliitia kwenye mfuko wa plastiki isije ikalowa, na alikuwa ameisoma mpaka mikunjo imeanza kuachia.

"Nimeingia mara nne," alisema. "Mara nne! Nafungua, anatokea mwanaume mmoja na tai. Namsubiri amalize kutokea, maana anakuja vipande vipande, kwanza paji la uso, halafu miwani. Akifika kwenye tai, bando limekwisha nusu. Halafu anaanza kuhutubia! Mimi niko wodini, simu iko mfukoni, nasikia 'Ndugu wajumbe!' Mama wa kitanda cha pili, uchungu umemkolea, ananiambia, 'Sista, mnyamazishe huyo baba, nakuomba.'"

Nilicheka, halafu nikaacha.

"Nikasema haya, mkubwa ni mkubwa, acha nimsikilize. Namaliza salamu zake, anakuja mgeni rasmi. Namaliza mgeni rasmi, anakuja mlezi wa chama. Na kila nikifika kwa mlezi simu inaita, kuna mama yuko getini, chupa imepasuka. Naenda kuzalisha. Nikirudi, naanza upya na yule wa tai. Mwanangu, nimezalisha watoto watatu na sijafika tarehe ya mkutano."

"Pole, mama."

"Aliyetengeneza kitu kile hajawahi kuwa na haraka maishani mwake. Hajawahi hata kubanwa na mkojo. Ni mwanaume, lazima, tena mwenye watu wa kumfanyia kila kitu. Unamjua?"

"Namjua kidogo," nilisema.

Ni mimi niliyeitengeneza.

Nisijitetee sana, lakini haikuanza hivyo. Niliajiriwa hapa moja kwa moja kutoka chuoni, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa hiyo. Nilichora ukurasa mmoja: jina la kongamano, tarehe, mahali, ratiba, na chini ya tarehe kitufe kimoja kipana ambacho hata kidole kilicholowa kingekipata. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba simu yenye kioo kilichopasuka ingeufungua kabla mwenye simu hajapepesa macho. Niliwafikiria wakunga. Nilimfikiria mama mdogo, amesimama dirishani na simu yake, dakika tatu kabla hajaitwa.

Mchoro ule nikaupeleka kwa Bwana Itifaki.

Jina hilo si la kuzaliwa. Ni katibu wa kamati ya maandalizi, na amelipata kwa sababu hawezi kufungua mdomo mbele ya watu zaidi ya wawili bila kusema kwamba itifaki imezingatiwa. Nimewahi kumsikia akisema hivyo ndani ya lifti. Aliutazama mchoro wangu kama mtu aliyeletewa chai ndani ya kopo la rangi.

"Hili ni nini, tangazo la kuuza kuku?"

"Ni tovuti, mzee. Ili mtu aone haraka..."

"Haraka ya nini? Umeona wapi mgeni anaanza na ratiba kabla ya kumsalimia Mwenyekiti? Binti, tovuti ya kongamano nayo ni kongamano. Hufunguliwa kama makongamano yanavyofunguliwa."

Basi tukaifungua hivyo. Ukurasa wa kwanza, Mwenyekiti na salamu zake za kukaribisha. Wa pili, mgeni rasmi. Wa tatu, mlezi wa chama. Wa nne, makamu. Wa tano, wajumbe wa kamati kwa ngazi zao, na hapo walibishana siku nne nani awe juu ya nani, mpaka ikabidi mmoja apewe fremu nene kidogo kama fidia. Wa sita, wadhamini. Ukurasa wa saba ndio una tarehe, mahali, ratiba na kitufe cha kujiandikisha. Na kwa kuwa Bwana Itifaki alihofia watu "watarukaruka kama panzi," aliagiza neno "Endelea" lisionekane mpaka msomaji awe ameshuka hadi mwisho wa kila salamu.

Picha ya Mwenyekiti niliipunguza uzito, kama tulivyofundishwa. Alinipigia simu mwenyewe.

"Binti, nasikia umenipunguza."

"Nimepunguza uzito tu, mzee. Sura iko vilevile."

"Mimi sipunguzwi."

Picha ikarudi na uzito wake wote. Wiki iliyofuata alileta na sauti, dakika sita za yeye kuwasomea watu majina ya watu.

Kwa kila agizo nilisema "sawa." Nilisema sawa kwa fremu nene, sawa kwa sauti, sawa kwa saa ya kuhesabu siku iliyowekwa begani mwa Mwenyekiti ikihesabu siku za kufikia tarehe ambayo haikutajwa. Nawadharau wanakamati wale kwa moyo wangu wote, nikiwa nimekaa peke yangu. Mbele yao nina neno moja tu, nalo ni lile. Neno la siri la tovuti ninalo mimi. Kwa dakika kumi ningeweza kuzifuta kurasa zote sita. Sasa nani wa kudharauliwa zaidi hapo, sijui.

Na wale tisa kwenye orodha? Ndio kamati yenyewe. Hakuna aliyejiandikisha kwa mkono wake. Waliandikishwa wote alasiri moja na katibu muhtasi wa Mwenyekiti, dada mmoja mwenye kicheko cha puani, aliyekuja chumbani kwangu na majina kwenye kipande cha bahasha.

"Mdogo wangu, nipe njia ya mkato. Nikipitia kule mbele nitafika nimestaafu."

Nikampa anwani ya ukurasa wa saba. Kwa hiyo katika wiki tano, hakuna binadamu hata mmoja aliyeanza kwa Mwenyekiti akafika kwenye kitufe.

"Mama," nilimwambia mama mdogo asubuhi ile, "nitumie mimi hiyo mada. Nitaiingiza mwenyewe, dakika mbili tu."

Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda.

"Na yule mwenzangu wa kituo cha ng'ambo, asiye na mtoto wa dada huko ofisini, atamtumia nani? Wameandikiwa wakunga wangapi?"

"Mia nane na kitu."

"Mia nane, na wewe mmoja. Hapana, mwanangu. Nikipita hivyo nitasimama pale mbele nawaeleza viti vitupu. Mimi nilitaka niwaambie wakunga." Sauti ilishuka. "Basi. Ijumaa nitakuwa zamu, sitaweza kuhangaika tena. Nimejaribu. Na usianze kulia, nakujua."

"Silii."

"Haya. Kunywa chai yako."

Chai ilikuwa imepoa. Nilifuta macho kwa kitambaa cha miwani na kwenda kwa Bwana Itifaki.

Nilimkuta anapanga kadi za majina ya meza kuu, anazisogeza kwa ncha ya kalamu kama anayecheza bao na watu wasiokuwepo. Nilimwomba kitu kidogo kabisa. Kurasa zibaki, sauti ibaki, ila niweke kitufe cha kujiandikisha kwenye ukurasa wa kwanza.

"Wapi kwenye ukurasa wa kwanza?"

"Popote patakapoonekana, mzee."

"Ukurasa wote ni picha."

"Basi juu ya picha."

Aliweka kalamu chini. "Umwekee Mwenyekiti kitufe kifuani? Kama swichi ya taa? Watu wambonyeze?"

"Ni wachache sana wanao..."

"Watajiandikisha. Mtu mwenye nia hashindwi. Wasiojiandikisha hawana nia. Umeelewa?"

"Sawa," nilisema.

Nilisema sawa! Nikarudi chumbani na kukaa nikiitazama ile tisa. Sikujua dharau inaweza kuwa na ladha. Ina ladha kama ya sarafu iliyosahauliwa mdomoni.

Alhamisi kamati ilikutana. Nami niliitwa, si kwa kusema bali kwa kushughulikia projekta. Ukumbi wa mikutano una meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kwa vyeo: zile kubwa upande wa Mwenyekiti, ndogo ndogo kadiri meza inavyoteremka. Mjumbe wa mwisho kabisa alikuwa na glasi tu. Katika kamati nzima hakuna mkunga. Wanne ni madaktari walioacha kushika wagonjwa siku nyingi na sasa wanashika vipaza sauti. Wengine wanne, Bwana Itifaki akiwemo, ni maofisa wa kitu fulani. Wa tisa ni Mwenyekiti. Katibu muhtasi alikaa kwenye kona na daftari la kumbukumbu. Ukutani, kwa ukubwa wa kabati, Mwenyekiti wa kwenye tovuti alimtazama Mwenyekiti wa kwenye kiti, na wote wawili walionekana kuridhika.

"Ajenda ya tatu," alisema Bwana Itifaki. "Mwitikio hafifu wa walengwa. Itifaki imezingatiwa."

"Wakunga wetu ni watu wa mikono," alisema daktari wa kwanza, kwa huruma. "Teknolojia imewapita."

"Hawana mwamko," alisema wa pili.

"Tuwaandalie semina," alisema ofisa mmoja. "Namna ya kutumia tovuti ya kongamano."

"Watajiandikishia wapi hiyo semina?" aliuliza katibu muhtasi bila kuinua macho kwenye daftari.

"Kwenye tovuti," alisema ofisa, na akaandika wazo lake asije akalisahau.

Hakuna aliyecheka. Niliuma ulimi. Hawa ndio waliokuwa wanamwita mama mdogo asiye na mwamko. Mwanamke anayeweza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa mikono mitupu, huku anatania, aambiwe teknolojia imempita na mtu ambaye wiki iliyopita aliniita nimwashie kompyuta iliyokuwa haijachomekwa ukutani.

"Sasa tuna pengo," aliendelea Bwana Itifaki. "Siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Nafasi ya yule mama wa kituo kidogo, wa karatasi za rangi. Kesho ndiyo mwisho, na mpaka sasa kimya."

"Ndio hao," alisema Mwenyekiti. Ana sauti nzuri, si uongo, na anaijua. "Unawapa nafasi, hawaitaki. Lakini shughuli haiwezi kulala. Mimi ninayo mada tayari. 'Uongozi katika Ukunga: Tulikotoka, Tulipo na Tuendako.' Dakika arobaini na tano. Naweza kuibana iwe hamsini."

Wakapiga makofi. Bwana Itifaki akachukua kadi yenye jina la mama mdogo, akaigeuza upande mweupe, akatoa kofia ya kalamu kwa meno.

"Alijaribu," nilisema.

Sauti yangu ilitoka ndogo sana hata mimi nilidhani ni projekta.

"Nani anasema?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi, mzee. Yule mama alijaribu mara nne. Hakufika kwenye kitufe."

"Ashindweje kufika? Mbona sisi wote tumejiandikisha?"

Niliweka waya wa projekta chini. "Naomba ufungue kwa simu yako, mzee. Uende mpaka kwenye kitufe."

Alitabasamu kama mtu anayemfanyia mtoto mazingaombwe. Akatoa simu, simu kubwa nzuri, na kwa mazoea, bila hata kugeuza kichwa, akamnyooshea katibu muhtasi.

"Ameomba wewe, mzee," alisema dada yule.

Akaivuta, akavaa miwani. Picha yake ikafunguka. Kisha sauti yake ikajaa chumbani: "Ndugu wajumbe!" Nilingoja ashuke chini. Hakushuka. Alikuwa anasikiliza. Aliinamisha kichwa kidogo, na alipofika kwenye sentensi fulani ndefu midomo yake ikamfuata. Dakika sita tulikaa pale tukimtazama mtu mmoja akijisikiliza, na wajumbe watatu walitikisa kichwa kukubali. Akafika kwa mgeni rasmi. Akapanguza skrini kwa kidole gumba, polepole. Akafika kwa mlezi.

Simu yake ikaita.

"Haloo? Haloo!" Hakuna aliyejibu. Akaitazama. "Wewe, mbona ni namba yako hii?"

Katibu muhtasi alikuwa na simu sikioni, anatazama dari. "Samahani, mzee. Nimekosea."

Mwenyekiti akarudi kwenye ukurasa. Paji la uso wake likatokea tena, halafu miwani, halafu tai.

"Alaa. Imerudi mwanzo."

"Ni mtandao tu, mzee," alisema Bwana Itifaki.

"Si mtandao," nilisema. "Ndivyo ilivyotengenezwa. Simu ikiita, inaanza upya. Wakunga simu zao zinaita kutwa, kwa sababu wana kazi." Nilisikia neno hilo la mwisho likitua mezani, na sikulirudisha. "Na nyinyi wote tisa hamjawahi kupita huko. Mliandikishwa na dada yule, kwa njia ya mkato niliyompa mimi. Hakuna mtu aliyewahi kufika kwa kufuata kurasa zenu. Hata mmoja."

"Binti," Bwana Itifaki alisema, akinikazia jicho, "uliletwa hapa kwa ajili ya projekta."

"Mwache," alisema Mwenyekiti. Alikuwa bado na simu mkononi, na bado alitabasamu. "Ni kijana, ana mawazo. Tovuti ilitengenezwa na nani?"

"Na mimi. Nilijua haifai tangu siku ya kwanza, nikasema sawa kila mlichosema. Yule mama mnayemfutia jina ni mama yangu mdogo. Jana aliniuliza ni nani aliyetengeneza kitu kile, nikamwambia namjua kidogo."

Kalamu ya Bwana Itifaki ilikuwa juu ya kadi, haijagusa. Kwenye kona dada aliacha kuandika. Najua kilichokuwa kinanijia mdomoni, kwa sababu ndicho kinachonijia siku zote: samahani, nilikuwa najaribu tu kusema kwamba labda, kama inawezekana. Nilikimeza. Kilishuka vibaya, lakini kilishuka.

"Kwa hiyo unasema nini hasa?" aliuliza Mwenyekiti, kwa upole wa mtu anayejua jibu litakuwa sawa.

"Nasema umesimama mlangoni, Mwenyekiti. Naomba utupishe."